Treni za milimani na jangwani: tunavyodhani Mwanza, na reli ilivyo

Taja pale Mwanza safari ya treni ya kutazama milima na majangwa, na mazungumzo yatahamia Uswisi papo hapo, kana kwamba reli inayoanzia mjini kwetu haina cha kutazamwa. Nyumbani hatujapatazama vizuri, na za ng'ambo tunazijua kwa picha tu. Haya ndiyo tunayoyasema, kila moja na jibu lake.

“Mwanza iko chini, ziwani. Treni ya Dar kazi yake ni kupanda.”

Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na mji wa Dodoma. Anayetoka Mwanza kwenda Dar, kwa hesabu ya jumla, anateremka. (Ziwa lenyewe treni huliacha mapema, ukitaka kulitazama ushibe, panda feri ya Kamanga.) Baada ya Shinyanga na Isaka nchi imelala tambarare: Tabora na miombo yake, kisha vichaka vya Itigi vilivyosongamana. Mtu anaweza kuapa kwamba safari nzima itakuwa hivyo. Ukishapita Manyoni, ardhi inakatika. Huo ni ukingo wa Bonde la Ufa, na reli inaushuka kwa kujipinda hadi Saranda. Wapo waliosafiri njia hii miaka nenda rudi na hawajawahi kuuona, kwa sababu walikuwa wamelala au kulikuwa giza. Ndiyo maana anayetaka mandhari huuliza treni inapita wapi saa ngapi, hata kabla ya kuuliza itafika Dar lini.

Mbele kuna Dodoma na mibuyu yake, halafu kati ya Gulwe na Kilosa njia inaandamana na mto Mkondoa katikati ya vilima, mahali ambapo mafuriko yamekata reli mara nyingi. Morogoro unapokewa na milima ya Uluguru.

“Basi Dodoma ndiyo jangwa letu.”

Hapana. Ni nchi kame, lakini hupata mvua ya zaidi ya milimita 500 kwa mwaka. Jangwa kwa kawaida huhesabiwa pale ambapo mvua haifiki milimita 250.

“Reli ya Mwanza aliijenga Mjerumani.”

Mjerumani alijenga Dar hadi Kigoma, kuanzia 1905 hadi 1914. Tawi la kutoka Tabora lilifika Mwanza 1928, wakati wa Mwingereza.

“Treni ya milimani lazima iwe na meno.”

Reli za meno zipo: katikati ya njia huwekwa chuma chenye meno, na gurudumu la meno chini ya kichwa cha treni huumana nacho. Hata hivyo reli ya Bernina, kati ya Uswisi na Italia, inapanda hadi mita 2,253 bila jino hata moja. Magurudumu ya kawaida, juu ya reli za kawaida, yanapanda mita 7 katika kila mita 100. Pale Brusio njia inazunguka duara kamili juu ya daraja ili kupunguza mwinuko. Ujanja wenyewe ni huo: mlima ukiwa mkali, refusha njia. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilifanya vivyo hivyo, na kipande cha Mlimba hadi Makambako kimejaa kona, mahandaki na madaraja. Kwangu mimi hicho hakina cha kuionea Ulaya wivu.

“Jangwa ni vilima vya mchanga na joto la kuchoma.”

Hata Sahara, mchanga wa vilima ni kama robo tu ya eneo lake. Sehemu kubwa ni mawe na changarawe. Kule Nullarbor, Australia, reli inakwenda kilomita 478 bila kona, juu ya uwanda wa mawe ya chokaa usio na vilima vya mchanga. Usiku hewa kavu na anga lisilo na mawingu huachia joto lote, kwa hiyo koti si mzigo. Pale palipo na mchanga, kazi ipo: karibu na Lüderitz, Namibia, upepo hulaza mchanga juu ya reli hadi ikazikwa. Na si kila treni ya jangwani ni ya watalii. Ile ya Mauritania, kilomita 704 kutoka Zouérat hadi bandari ya Nouadhibou, inabeba mawe ya chuma tangu 1963.

“Treni nzuri ya mandhari ni ile ya kasi.”

Glacier Express ya Uswisi huchukua takriban saa 8 kwa umbali usiofika kilomita 300, na watu hulipia huo upole wake. SGR yetu, reli mpya ya kisasa, imeundwa kwenda kilomita 160 kwa saa. Itafaa sana kwa mwenye haraka, na kipande cha Mwanza–Isaka kilianza kujengwa 2021.

“Ukiwa kwenye behewa, urefu wa mlima haukuhusu.”

Reli ya Qinghai–Tibet nchini China, iliyofika Lhasa 2006, inavuka mita 5,072. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895, na anayepanda Kilimanjaro hupewa siku kadhaa mwili uzoee. Abiria wa treni anafika juu akiwa ameketi, na hewa nyembamba ni ileile. Mabehewa ya huko huongezewa oksijeni, lakini kichwa kuuma na kichefuchefu bado hutokea. Mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu amwone daktari kabla ya kukata tiketi.