Stroki na ile aspirini ya haraka haraka

Hapa Nairobi mtu akishikwa na stroki, mdomo umepinda mkono umelegea, hakosi jirani wa kusema mpeni aspirini atafune kabla hajazidiwa. Huo ushauri ni wa mshtuko wa moyo (heart attack), watu wameuhamisha tu. Stroki nyingi ni damu imeganda kwa mshipa wa ubongo lakini zingine mshipa umepasuka, na kwa macho tu hata daktari hawezi kuwa na uhakika mpaka CT skani, ile picha ya ndani ya ubongo, sasa kama umepasuka aspirini inaweza kuzidisha kuvuja, alafu wengi saa hiyo hata kumeza hawawezi, maji yanaingia kwa mapafu.

Si eti aspirini ni mbaya. Skani ikionyesha hakuna damu imevuja, hupewa ndani ya saa 48, na majaribio mawili makubwa ya 1997 yalionyesha inaokoa karibu watu 9 kwa kila 1,000 wasife ama kupata stroki ingine mapema. Kidogo, ndio, lakini ni kweli. Heparini, dawa ingine ya kuzuia damu kuganda, ilijaribiwa pia, faida yake ikamezwa na kuvuja damu.

Dawa ya kuyeyusha bonge la damu, alteplase, kawaida mwisho ni saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na ukipewa hiyo, aspirini kawaida hungoja siku nzima. Kwa hivyo tafuta gari, kumbuka alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi, na mpeleke penye skani, si kliniki ya mtaa.