Programu ni Huria, Usafiri wa Picha Unalipiwa

Dhana: "Jitsi ni ya bure, kwa hiyo tuwekee kwenye seva ya bei ya chini kabisa."

Kila sacco na kila shule inayoniita hapa Nairobi niiwekee Jitsi, programu ya mikutano ya video, huanza na hili, nami nimechoka kulisikia. Ni kweli leseni yake ni Apache 2.0: unachukua msimbo, unaubadilisha upendavyo, hudaiwi hata shilingi. Pesa huenda kwenye kusafirisha picha. Seva haiunganishi picha za watu kuwa moja. Hupokea mkondo wa kila mtu na kuwasambazia wengine. Watu 20 wakiwasha kamera, kila mmoja anahitaji mikondo 19, kwa hiyo seva inatoa mikondo 380. Kwa kilobiti 500 kila mmoja, hizo ni megabiti 190 kwa sekunde, na huo ni mkutano mmoja tu. Halafu naambiwa tuongeze RAM! RAM haipanui njia.

Ndipo inapoingia kazi ya watengenezaji. Kamera hutuma picha ileile kwa ubora tofauti, na seva humpa mwenye simu na bando dogo ile nyepesi. Kutambua kila mara mtandao wa nani umedorora ni kazi isiyoisha; Emil Ivov alianza mradi huu mwaka 2003 akiwa mwanafunzi Strasbourg, na bado unaandikwa. Nyinyi saidieni kwa hili: asiyezungumza azime kamera.

Dhana: "Tukiwa wawili tunaonana, wa tatu akiingia picha zinapotea. Programu ni mbovu."

Si mbovu. Wawili huunganishwa moja kwa moja. Wa tatu akiingia, picha hupitia kwenye seva. Angalia fayawoli, ule ukuta unaochuja mawasiliano ya mtandao: poti (mlango) namba 10000 ya UDP, njia inayopitisha picha na sauti, imefungwa. Ifungue, au weka seva ya TURN, inayopitisha picha pale njia ya kawaida ikizibwa, kwenye poti 443 inayotumiwa na tovuti.

Dhana: "Seva ya Ulaya ni sawa tu."

Sauti itoke Westlands, ipite chini ya bahari hadi Frankfurt, ndipo irudi Embakasi? ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, inapendekeza ucheleweshaji usizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja. Kodi seva Nairobi, kwa mtoa huduma aliyeunganishwa na KIXP, kituo ambako mitandao ya Kenya hubadilishana data hapa hapa nchini.

Dhana: "Msimbo uko wazi, basi yeyote atatusikiliza."

Kinachosomwa na wote ni msimbo. Mazungumzo husimbwa njiani. Wanaowaingilia mkutanoni hupitia linki mliyoisambaza kwenye magrupu ya WhatsApp. Wekeni nenosiri na chumba cha kusubiri.