Wanawake Weusi, Uhandisi na Utafiti wa Usawa wa Kijinsia: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Dhana: Mhandisi anayegeukia masuala ya usawa wa kijinsia ameukimbia uhandisi.

Wanaosema hivyo mara nyingi hudokeza kwamba fani ilimshinda. Historia ya Mary Jackson wa Marekani inawakanusha. Alihitimu chuo cha Hampton Institute mwaka 1942 katika hisabati na sayansi, na mwaka 1951 akaajiriwa katika kituo cha utafiti wa ndege cha Langley, Virginia, awe mpiga hesabu katika kitengo cha wanawake Weusi waliotengwa na wenzao Wazungu. Baadaye alihamishiwa kwenye majaribio ya mifano ya ndege katika upepo wa kasi inayoizidi ile ya sauti. Ili apandishwe awe mhandisi, ilimbidi asome masomo ya jioni yaliyofundishwa katika shule ya Wazungu watupu, na kabla ya hayo auombe mji wa Hampton kibali cha kuingia darasani. Mwaka 1958 akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa mhandisi wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani lililokuwa likikiendesha kituo cha Langley. Mwaka 1979 alikubali kushushwa cheo ili asimamie mpango wa kituo hicho wa kuajiri na kuwapandisha wanawake, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 1985. Aliujua uhandisi kwa takriban miaka ishirini kabla ya kuchunguza nani huzuiwa kuufikia; kama kuna la kuhojiwa hapo, ni kwa nini kazi hiyo ya pili ilihesabiwa kuwa ya daraja la chini.

Dhana: Wanawake Weusi waliofika kwenye uhandisi walipendelewa.

Yvonne Clark, mhandisi Mweusi wa Marekani, alinyimwa nafasi katika Chuo Kikuu cha Louisville kwa sababu ya rangi yake, na jimbo la Kentucky likaona heri limlipie masomo katika Chuo Kikuu cha Howard kuliko kumpokea chuoni humo. Mwaka 1951 akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uhandisi wa mitambo Howard. Upendeleo, basi, ulikuwapo, ila haukuwa wake.

Dhana: Ukishajua hali ya wanawake na hali ya watu Weusi, umeijua ya wanawake Weusi.

Hili ndilo kosa linalojificha vizuri zaidi, kwa kuwa huvaa sura ya takwimu. Katika miaka ya 1970 wanawake 5 Weusi waliishtaki kampuni ya magari ya General Motors, wakidai kwamba utaratibu wa kuwapunguza kwanza wafanyakazi walioajiriwa mwisho uliwaondoa wao, kwa sababu kampuni hiyo haikuwa ikiwaajiri wanawake Weusi kabla ya 1964. Mwaka 1976 mahakama ilikataa kuiunganisha hoja ya rangi na ya jinsia: wanawake waliajiriwa, ingawa walikuwa Wazungu, na Weusi waliajiriwa, ingawa walikuwa wanaume. Mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliichambua kesi hiyo mwaka 1989, akaonyesha jinsi walio katika makutano ya ubaguzi wa aina mbili wanavyopotea katika hesabu za kila aina peke yake.

Dhana: Utafiti wa namna hii ni maoni, hauna vipimo.

Mwaka 2018 Joy Buolamwini, aliyesomea sayansi ya kompyuta, na Timnit Gebru, aliyesomea uhandisi wa umeme, walipima programu za kampuni tatu zinazotambua jinsia ya mtu kwa kutazama sura yake. Walikusanya picha 1,270 za wabunge wa Rwanda, Senegal, Afrika Kusini, Iceland, Finland na Sweden, wakazigawa kwa jinsia na rangi ya ngozi kwa pamoja. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe, kiwango kikubwa kabisa cha makosa kilikuwa asilimia 0.8, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi kilifika asilimia 34.7. Wastani wa jumla ungeificha tofauti hiyo yote, na mhandisi yeyote anajua kwamba kifaa hakipimwi kwa watumiaji ambao kinawafaa pekee.

Upimaji wa 2019 ulikuta kampuni hizo tatu zimepunguza makosa yao, hasa kwa wanawake wenye ngozi nyeusi. Nyingine mbili, ambazo hazikuguswa na kipimo cha kwanza, zilikuwa bado zinakosea zaidi ya picha moja katika kila tano za wanawake hao.