Watumishi wa filamu ya Renoir si malaika

Wengi huisimulia La Règle du jeu (Kanuni ya Mchezo), filamu ya 1939 ya mwongozaji Mfaransa Jean Renoir, kana kwamba ni hadithi ya matajiri waovu na watumishi wema. Sivyo. Watazame watumishi wakila jikoni kwenye kasri la La Colinière. Wanamteta bwana wao, La Chesnaye, kwa asili yake ya Kiyahudi. Chuki ile inatamkwa mezani kama jambo la kawaida, mwaka uleule Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza. Kisha mpishi anamtetea: bwana alitambua papo hapo kwamba divai nyeupe haikumiminwa kwenye saladi ya viazi vikiwa bado vya moto. Kwa mpishi, huo ndio uungwana! Kwangu hakuna sehemu nzito kuliko hii. Watumishi wamezimeza kanuni za mabwana, na wanazilinda kwa ukali zaidi.

Hata bunduki inayomuua rubani Jurieux, mgeni wa kasri, imo mikononi mwa Schumacher, mlinzi wa msitu aliyefukuzwa kazi usiku huohuo. Alidhani anamlenga Octave, rafiki wa familia, akiamini yuko na mkewe Lisette. Mwanamke aliyemwona na Octave alikuwa Christine, mke wa bwana, amejifunika joho la Lisette.