Skeli ya ukuzaji: makosa yanayoharibu jibu

Ukuzaji hubadilisha ukubwa wa umbo kuanzia nukta moja, kitovu. Umbo jipya huitwa taswira, na skeli ni namba inayozidisha kila urefu.

Dhana: Skeli hupatikana kwa kugawanya urefu mmoja kwa mwingine, vyovyote vile.
Ukweli: Urefu wa taswira ndio unaogawanywa kwa urefu wa umbo la awali. AB ikiwa sm 6 na taswira yake A′B′ sm 9, skeli ni 9 ÷ 6 = 1.5. Ukigeuza unapata 2/3, ambayo ni skeli ya kuirudisha taswira kwenye umbo la awali.

Dhana: Upande wa sm 4 ukiwa sm 6, basi kila upande umeongezwa sm 2.
Ukweli: Ukuzaji huzidisha, haujumlishi. Ijaribu pembetatu mraba ya 3, 4, 5: ukiongeza 2 kila upande unapata 5, 6, 7, na 25 + 36 = 61, si 49. Pembe mraba imepotea! Ukizidisha kwa 1.5 unapata 4.5, 6, 7.5, na pembe zote zinabaki vilevile.

Dhana: Gawanya x ya taswira kwa x ya awali, umemaliza.
Ukweli: Hilo ni sahihi x ya kitovu ikiwa 0 tu, kama kwenye (0, 0), na hapa ndipo alama nyingi hupotea. Kitovu kikiwa (1, 2), A(3, 3) na A′(7, 5), toa kwanza kitovu: (7 − 1) ÷ (3 − 1) = 3. Hakiki kwa y: (5 − 2) ÷ (3 − 2) = 3. Majibu mawili yakitofautiana, kuna kosa mahali. Kwa rula ni vivyo hivyo: pima OA′ na OA, zote kuanzia kitovu O. Anayepima AA′ badala ya OA′ hapa atapata 2.

Hujui kitovu kilipo? Unganisha A na A′, B na B′, kisha refusha mistari hadi ikutane.

Dhana: Ukuzaji lazima ukuze.
Ukweli: Skeli kati ya 0 na 1 hupunguza. Skeli hasi huiweka taswira upande wa pili wa kitovu, ikiwa imepinduliwa. Rula haioni alama ya kutoa. Tazama mahali taswira ilipo.

Dhana: Eneo hufuata skeli ileile.
Ukweli: Eneo hufuata kipeo cha pili cha skeli, ujazo kipeo cha tatu. Kwenye ramani ya 1:50,000, sm 1 ni km 0.5, hivyo sm² 1 ni km² 0.25. Shamba la sm² 4 ni km² 1, si 2.