Haiba ya Mpakani: Hisia Zinazopanda Haraka na Kuchelewa Kushuka

Swali: Haiba ya mpakani ni tatizo gani?

Ni tatizo la afya ya akili linalomfanya mtu ashindwe kuzituliza hisia zake, asijielewe vizuri yeye ni nani, na aogope mno kuachwa na anaowapenda. Jina lenyewe halisaidii kitu: Adolf Stern, daktari wa akili wa Marekani, alilitumia mwaka 1938, enzi ambazo wagonjwa hawa walidhaniwa kusimama mpakani kati ya makundi mawili ya magonjwa ya akili, dhana imeachwa, jina likabaki.

Swali: Lakini ni nani asiyekasirika au kuogopa kuachwa?

Hakuna. Tofauti haimo katika aina ya hisia, bali katika wepesi wa kupanda kwake, ukali wake na muda inaochukua kushuka. Tuchukue mfano wa dada wawili wa Tabata, kila mmoja amemtumia mchumba wake ujumbe saa kumi na moja jioni, alama za buluu zikaonekana, jibu lisije. Wa kwanza hununa kidogo, kisha hujisemea kuwa labda mwenzake amebanwa ndani ya mwendokasi, akaendelea kukata mchicha wake. Wa pili, mwenye tatizo hili, ndani ya dakika chache huwa ameshaamini kwamba ameachwa. Hupiga simu mara ishirini, hutukana, hulia, huomba radhi, na mchumba aliyekuwa malaika asubuhi sasa ni shetani. Hata jibu likija kwamba kulikuwa na foleni, mwili wake huendelea kutetemeka hadi usiku.

Swali: Tofauti hiyo imewahi kupimwa?

Imepimwa. Mwaka 2008 watafiti wa Houston, Marekani, walichapisha matokeo ya mchezo wa kuaminiana: mtu humkabidhi mwenzake fedha, zinazidishwa mara tatu, kisha mwenzake huamua arudishe kiasi gani. Mtoaji alipoanza kusita na kutoa kidogo, watu wenye afya walielekea kumbembeleza kwa kumrudishia kingi, imani ikarejea. Wenye haiba ya mpakani, ambao walikuwa 55, hawakufanya hivyo sana. Katika ubongo wa wenye afya, sehemu iitwayo insula ilishtuka walipopewa kidogo. Kwa wagonjwa haikushtuka, kana kwamba kupunjwa ndiko walikokutegemea tangu mwanzo.

Swali: Mbona nyumbani wanasema ni visirani tu?

Visirani havimfanyi mtu ajikate kwa wembe ili moyo utulie. Daktari hutafuta angalau dalili 5 kati ya 9 zilizoorodheshwa kwenye mwongozo wa uchunguzi wa magonjwa ya akili, tena zilizodumu kwa muda mrefu. Urithi huchangia, na wengi, ingawa si wote, walidhulumiwa au kutelekezwa utotoni.

Swali: Hutibika?

Ndiyo, wengi hupata nafuu kubwa kadiri miaka inavyopita. Tiba kuu ni ya mazungumzo, na iliyo maarufu zaidi ilibuniwa na Marsha Linehan, mwanasaikolojia Mmarekani ambaye mwaka 2011 alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe aliwahi kulazwa kwa maradhi ya akili akiwa msichana. Kwa Dar es Salaam, huduma ya afya ya akili inapatikana Hospitali ya Taifa Muhimbili. Mgonjwa akitaja kujiua, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo, hata kama wiki iliyopita alisema maneno hayohayo na hakufanya kitu.