Je, wajua gridi janja, yaani mtandao wa umeme unaosimamiwa kwa kompyuta, hujuaje kwamba umeme umekatika kabla hujapiga simu?

Zamani mti ukiangukia laini ya umeme, shirika lilisubiri wateja wapige simu. Kisha fundi alipanda gari, akafuata nguzo moja baada ya nyingine hadi aone waya ulipokatika. Kwenye gridi janja, mita ya nyumbani ndiyo inayopeleka taarifa.

Lakini mita inatumaje ujumbe na umeme haupo? Ndani yake mna kapasita, kifaa kidogo kinachotunza chaji. Umeme ukizimika, chaji hiyo huipa mita muda mfupi sana, unaotosha tu kurusha ujumbe mmoja: nimezimika. Wahandisi huuita ujumbe huo pumzi ya mwisho, na sijui jina linaloufaa zaidi.

Jumbe hizo zikimiminika, kompyuta ya kituo cha udhibiti huzilinganisha na ramani ya laini. Ikiwa mita zote zilizozimika ziko chini ya transfoma moja, hitilafu huenda iko hapo. Zikiwa chini ya transfoma kadhaa za laini moja, basi iko juu zaidi, upande umeme unakotoka. Swichi za pande mbili za hitilafu hujizima, kipande kibovu kikatengwa. Swichi nyingine hujiwasha na kuwapa umeme walio mbele ya kipande hicho kupitia laini ya jirani. Wengi wao hurudishiwa umeme ndani ya dakika chache. Kuwarudishia umeme hivyo kunawezekana tu ikiwa laini ya jirani ipo na haijaelemewa, jambo ambalo wasifiaji wa teknolojia hii hulisahau mno.

Tena kompyuta zenyewe huweza kushindwa. Tarehe 14 Agosti 2003, huko Ohio, Marekani, programu ya kutoa tahadhari ilikwama kimyakimya. Laini kubwa zililegea kwa joto la mzigo, zikagusa miti na kuzimika moja baada ya nyingine, huku waliokuwa zamu hawaoni tahadhari yoyote kwenye skrini. Watu wapatao milioni 50, Marekani na Kanada, wakakosa umeme.

Hatari nyingine ni wadukuzi. Desemba 2015 waliingia kwenye mifumo ya kampuni za umeme za Ukraine, wakazima swichi kutoka mbali. Wateja wapatao 225,000 wakabaki gizani. Umeme ulirudi baada ya saa chache, kwa sababu wafanyakazi walikwenda vituoni wakaziwasha swichi kwa mkono.